Mashine Tuliyoivisha Kitambaa

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia hakikunjiki. Kimesimama wima tangu kabla sijastaafu. Wajukuu wangu hupenda kukivuta wakidhani nawatania, na msimu wa uchaguzi ukifika watu hunijia kanisani na tabasamu la siri, wakidhani nawaonyesha ishara ya chama chao. Mimi sina chama. Kidole hiki kiliharibiwa na pipeti, kile kifaa cha mkononi cha kuvutia damu kidogo kwa kipimo. Kila tone ni kubonyeza kwa gumba, kuachilia, kubonyeza tena, asubuhi hadi jioni, mpaka gumba likastaafu kabla ya mwenye gumba.

Kwa hiyo nikiwasikia ninyi vijana wa maabara mkilia kwamba mashine zinakuja kuwanyang'anya kazi ya mikono, nacheka hadi nakohoa. Laiti zingekuja kuninyang'anya mapema! Lakini nikimsikia mwenzenu mwingine akijigamba kwamba siku hizi mtu anaweka sampuli tu, anabonyeza kitufe, anakwenda kunywa chai, hapo sicheki. Hapo navuta kiti. Ketini basi niwaeleze jinsi mashine ya kwanza ya kujiendesha ilivyoingia maabara yetu hapa Machakos, na jinsi ilivyotugomea siku ambayo msichana mmoja wa Kithimani alikuwa akingoja jibu la damu yake, jibu ambalo lingeamua alazwe au arudishwe nyumbani na kichwa chake kinachouma. Maabara yenyewe siitaji jina, maana wengi waliokuwemo wako hai na wanajua lango la kwangu.

Kwanza mjue tulikuwa tunafanya nini. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi hupimwa ijulikane chembe zake za CD4 zimebaki ngapi, zile tunazoziita askari wa mwili. Tunachukua damu kidogo, tunaitia dawa yenye rangi inayong'aa ambayo hushika askari hao, kisha tunaipitisha mashineni. Humo ndani chembe hupanga mstari mwembamba na kupita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na kila askari anayeng'aa anahesabiwa. Mimi nimekulia upande wa Lukenya, nikiona ng'ombe wakipitishwa mmoja mmoja kwenye josho huku mzee ameketi juu ya ukuta akihesabu, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Leza ndiye yule mzee, ila hasinzii.

Kuhesabu, basi, mashine ilikuwa inajua tangu zamani. Kazi ilikuwa yote inayotangulia: kufungua kichupa, kuvuta damu, kuitia dawa ya rangi, kuificha gizani kidogo kwa sababu rangi hiyo haipendi mwanga, kuongeza maji ya kuyeyusha chembe nyekundu, kisha kupeleka mashineni kimoja baada ya kingine. Hapo katikati ndipo palipokuwa na mikono yetu. Na ukikosea hapo, mashine itahesabu kosa lako kwa uaminifu mkubwa kabisa.

Aliyenifunza ni Mzee Kilonzo, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa linaonyesha shati. Yeye alianza kazi enzi za kuvuta damu kwa mdomo. Msinitolee macho, ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na mrija wa kioo, mpira mwembamba kwenye ncha moja, na mwisho wa mpira huo mdomo wa mtaalamu. Unanyonya polepole huku jicho liko kwenye alama. Ukishikwa na chafya, pole. Mzee Kilonzo alikuwa akituambia ameionja Machakos yote na kwamba watu wa Kithimani wana chumvi kuliko wengine. Hatukujua kama anatania, na hakuna aliyetaka kuuliza zaidi.

Pipeti ya kubonyeza ilipoletwa, aliishika kwa vidole viwili siku nzima bila kuitumia. Kesho yake akawa anaijua kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa nikivuta damu vile ambavyo ninyi mngevuta bila kufundishwa, nabonyeza hadi kituo cha kwanza, pale gumba linapokwama kidogo kabla ya mwisho, navuta, halafu natoa yote kwa nguvu. Akanishika kiwiko.

"Mbithe, unapuliza nini? Hii ni damu ama ni sabuni?"

"Natoa yote, Mzee, isibaki."

"Wacha ibaki! Bonyeza mpaka mwisho kabisa, vuta kupita ile unataka, halafu toa mpaka kituo cha kwanza peke yake. Hiyo imebaki kwa ncha tupa."

"Si ni kuharibu damu ya watu?"

"Ukilazimisha hiyo ya mwisho inatoka na povu, na povu inaharibu kipimo. Aiya, huyu mtoto nitamfanya nini?"

Niliishika kanuni hiyo hadi ikaniingia mifupani. Mpaka leo nikipakua supu siwezi kukwangua sufuria, na binti yangu hunisema mbele ya wageni.

Halafu kulikuwa na mambo ya safari. Damu ya kipimo hiki haitaki jua kali na haitaki baridi, inataka kukaa kivulini kama mtu mwenye akili zake. Sasa zahanati moja upande wa Kithimani ilikuwa na mhudumu mwenye huruma sana. Akaona damu inasafiri kwa pikipiki kwenye joto la Yatta, akaizungushia barafu kama samaki. Ilifika baridi, chembe zimechoka, hazishiki rangi wala nini. Tukampigia simu tukamwambia asiweke barafu, damu inasikia baridi. Mzigo uliofuata ulifika vichupa vimevalishwa kofia ya sufu ya mtoto.

Na neno moja lilitutesa kuliko barafu. Ndani ya kichupa kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na lazima ichanganyike na damu mara moja. Tukaandika kwenye maagizo: "Baada ya kutoa damu, tikisa kichupa." Wakatikisa! Walitikisa vile watu wetu wanavyotikisa kibuyu cha maziwa, kwa bega na kwa wimbo, mpaka chembe zikapasuka. Tukabadilisha tukaandika: "Pindua kichupa." Wakavipindua, wakaviacha vimesimama kichwa chini hivyo hivyo mpaka Machakos. Mwishowe Mzee Kilonzo alisafiri mwenyewe, akasimama mbele ya wauguzi na kichupa mkononi, akawa anakizungusha kwa kifundo cha mkono akisema, "Laza, inua. Laza, inua." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokubali. Ukienda huko leo utamsikia muuguzi ambaye hata hamjui Mzee Kilonzo akimwambia mwanafunzi wake alaze, ainue.

Mzee alikuwa ameshastaafu mashine mpya ilipokuja. Nasikitika hakuiona, maana angeichokoza mpaka ijibu. Ilikuwa kubwa kama friji iliyolala, ina sinia la duara la kupanga vichupa, na juu ya sinia mkono wa chuma wenye sindano. Mkono unashuka, unatoboa kifuniko wenyewe, unanyonya damu, unaipeleka kwenye kichupa kingine, unatia dawa, unangoja gizani, unaongeza maji, unapeleka kwenye leza. Yote yale yaliyokula gumba langu ilikuwa inayafanya bila hata kupumua. Niliona wivu, sitaficha. Nilisimama pale nikiutazama ule mkono kama mke mkubwa anayemtazama mke mdogo akisonga ugali bila jasho.

Iliwekwa na fundi kijana wa Syokimau aliyeitwa Brayo, suruali imebana, maneno mengi.

"Mathe, hii kitu iko na akili," akaniambia. "Wewe weka sampo tu, bonyeza hapa, alafu uchill."

"Nichill wapi? Hapa ni kazini."

"Ndo maana nakuambia uchill, Mathe. Kazi inajifanya."

Na kweli kulikuwa na raha yake, lazima niseme haki. Kabla ya hapo majina yalitumaliza. Ukambani ukiita "Mutua" kwenye foleni, benchi zima linainuka. Ukiongeza jina la pili, Mutua Musyoka, wanaketi wachache tu. Sasa kila kichupa kikawa na stika yenye milia myeusi, na mashine ilikuwa na jicho dogo la kusoma milia hiyo. Kwa jicho hilo Mutua wote ni watu mbalimbali. Hilo pekee lilinifanya niisamehe mashine mambo mengi.

Mkubwa wetu wa maabara alikuwa Bwana Musyoki, mtu wa tai na sauti ya chini, ambaye akisema "ngoja kidogo" mtu mzima anatokwa na jasho. Brayo alipoondoka, Bwana Musyoki akaona haifai mashine ya thamani namna hiyo kuanza kazi bila maombi. Mchungaji akaitwa. Aliomba kwa urefu, akaweka mkono juu ya mashine, na alipofika mahali pa "isikie sauti yetu," mashine ikalia pii! Tukaitikia amina kwa nguvu. Baadaye tukagundua mlango wake wa nyuma haukuwa umefungwa.

Maombi yalipoisha, mke wa Bwana Musyoki, Mama Ndinda, akafungua mkoba wake. Ninyi mmeingia sebule za huku kwetu, mnajua. Kochi lina kitambaa, runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, na nyumba ya mtu anayejiheshimu hata chupa ya chai ina chake. Kitu cha maana kukiacha wazi ni kama kukitukana. Mama Ndinda alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, eti yafanane na vifuniko vya vichupa vyetu, na pembeni mwake kote kulikuwa na vishada vinavyoning'inia. Akakitandaza juu ya mashine kwa mikono yake mwenyewe, akakinyoosha, akarudi nyuma kukitazama. Kilipendeza, jamani. Tukapiga makofi.

Matatizo yalianza siku iliyofuata. Mashine inasema haioni kichupa. Kichupa kipo. Unakitoa, unakirudisha, inakiona. Kinachofuata haikioni. Upepo wa feni ukivuma inaona, feni ikizimwa haioni. Mutheu, kijana wetu wa Athi River aliyepewa kuiendesha, alikuwa hodari kweli wa vitufe, na alijaribu vyote. Akaiwasha, akaizima, akaisafisha jicho kwa pamba. Mwishowe akampigia Brayo simu na kuiweka sauti tusikie sote.

"Kuna kitu imefunika hapo juu?" Brayo akauliza.

Sote tukatazama kitambaa. Kishada kimoja kilikuwa kimening'inia sawasawa mbele ya jicho la kusomea milia, kinacheza polepole. Kisha tukamtazama Bwana Musyoki, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono nyuma.

"Hapana," Mutheu akasema. "Iko tu sawa."

Mngefanyaje ninyi? Kila asubuhi mkubwa alikuwa akipita na kuuliza, "Kitambaa kiko safi?" kabla hata ya kuuliza kuhusu damu. Ukimwambia kitambaa ndicho kinachoharibu, umemwambia nini kuhusu mke wake? Tukawa tunakikunja tukifanya kazi, na tukisikia viatu vyake kwenye korido tunakishusha haraka na kukinyoosha. Viatu vyake vilikuwa na mlio, nashukuru Mungu. Maabara nzima ya watu waliosoma tulikuwa tunafanya kazi kwa zamu za kumsikiliza mtu akitembea.

Ndipo akaja Mumbua. Alikuwa msichana mwembamba wa shule ya msingi, amebebwa mgongoni na bibi yake ingawa alishapita umri wa kubebwa. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa muda na dawa zake za virusi zilikuwa zimekatika kabla ya hapo. Daktari alikuja mwenyewe dirishani kwetu kunieleza. Wadi ilikuwa imejaa, na kwa kichwa kuuma peke yake asingeweza kumpa kitanda. Lakini hesabu ya askari wake ikitoka chini, angemlaza papo hapo na kumpima ugonjwa wa utando wa ubongo, ule unaoua watu walioishiwa na askari huku wakidhani ni malaria. Ikitoka juu, aende nyumbani na dawa za maumivu. Alihitaji namba hiyo siku hiyo hiyo, na bibi alihitaji gari la mwisho la kurudi Kithimani.

Mishipa ya mtoto ilikuwa imejificha. Muuguzi alimdunga huku na huku, na alipopata damu ilikuwa kidogo sana, kwenye kitako tu cha kichupa cha watoto. Alipotaka kujaribu tena, Mumbua alimng'ata mkono. Kwa hiyo damu tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo.

Mutheu akakipokea kichupa, akakiweka kwenye kishikio chake kidogo na kukipanga kwenye sinia pamoja na vingine.

"Mutheu," nikamwambia, "hiyo damu ni kidogo. Sindano ya huyo bwana wa chuma haifiki chini kabisa, inaacha nyingi."

"Brayo alisema na hicho kishikio inafika, Madam. Na tukifanya kwa mkono tutachelewa."

Hakuwa amekosea kufikiri hivyo. Akabonyeza. Sinia likazunguka, mkono ukanyanyuka, na hapo ndipo nilipokiona kitambaa, tulichosahau kukikunja, kikisogea. Kishada kilikuwa kimejisokota kwenye kiungo cha ule mkono wa chuma. Mkono ukaenda kulia, kitambaa kikaenda kulia. Mkono ukarudi, kitambaa chote kikainuka maua na vishada vyake, kikageuka hewani. Sindano ikashuka kwenye kifuniko cha kichupa cha Mumbua, ikaingia nusu, ikakwama. Mashine ikaanza kulia bila kukoma.

Hatukusikia viatu. Bwana Musyoki alikuwa ameshaingia.

Alitazama mkono wa chuma uliovaa maua ya zambarau. Alitazama kichupa. Akauliza kwa ile sauti ya chini, "Hiyo damu ni ya nani?"

"Ni ya yule mtoto wa Kithimani," nikasema. "Na haiko nyingine. Uzi umefunga mkono. Tukivuta, sindano itamwaga yote."

"Kateni uzi."

Mutheu akajikaza kusema. "Lakini bosi, ni ile ya Mama Ndinda..."

"Kwani nimesema kwa Kichina? Kata!" Halafu akapunguza sauti, akatazama mlangoni kwanza. "Kwangu mpaka mtungi wa gesi umevaa. Kila asubuhi nauliza kama hiki kitu kiko safi, nikingoja mtu aseme kinasumbua nikitoe, na nyinyi mnanyamaza kama mko matanga."

Nilicheka. Katika hatari yote hiyo, nilicheka mpaka nikashika meza. Lakini mkasi nilikuwa nao mkononi tayari, nikakata kishada uzi kwa uzi huku Mutheu amekishika kichupa kisitingishike. Sindano ikatoka. Chini ya kichupa damu ilikuwa bado ipo, imetulia.

Mashine ilikuwa imejifunga na haikutaka kusikia mtu. Ila upande wake mmoja ina tundu la kupokea kichupa kimoja kwa mkono, na leza ilikuwa nzima. Ingehesabu, mradi tuiletee damu iliyoandaliwa. Kuandaa ndiko kulikobaki, na gumba langu mnalijua. Nilichukua pipeti nikajaribu kwa maji, ikatetemeka mpaka Bwana Musyoki akaangalia pembeni kwa adabu. Nikamgeukia Mutheu.

"Madam, mimi hii nilifanya kwa mtihani peke yake."

"Ulipita?"

"Nilipita."

"Basi."

"Na nikiharibu?"

"Ukiharibu tunaenda kumdunga tena, na zamu hii atakung'ata wewe."

Akavaa glovu mpya. Nikamwambia alaze, ainue, polepole, damu iamke yote. Kisha tukafika mahali pagumu. Ile njia ya Mzee Kilonzo inataka uvute damu ya ziada ambayo utaitupa, na damu yenyewe ilikuwa ya kutosha hivyo mara moja tu. Akivuta kwa ziada hakuna jaribio la pili. Akivuta kamili na kutoa yote, tungeweza kujaribu mara mbili, lakini kwa kipimo chenye mashaka na labda povu. Mutheu alinitazama. Bwana Musyoki alinitazama pia, na cheo chake chote alikuwa amekiweka kando.

"Vuta ya ziada," nikasema. "Hatuhitaji mbili mbaya."

Mutheu akabonyeza hadi mwisho, akaingiza ncha, akaachilia gumba lake taratibu, na damu ikapanda. Nikamwambia afute nje ya ncha bila kugusa mdomo wake, kwa sababu tone lililoganda nje nalo lina askari ambao hawakualikwa. Nikamwambia aende chini kabisa ya kichupa kipya, asipake damu ukutani, maana ya ukutani haitaguswa na dawa. Akashuka, akabonyeza hadi kituo cha kwanza, akakomea hapo. Gumba lilitaka kuendelea, nililiona. Likatii.

"Usipulize," nikasema, ingawa alikuwa ameshamaliza.

Tukatia dawa ya rangi, tukakificha kichupa kwenye droo ya giza. Bibi yake Mumbua akaja dirishani, leso kichwani, mtoto amelala begani.

"Gari itaniacha," akasema. "Mko na jibu?"

"Ngoja kidogo, Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba.

"Ni mbaya ama ni nzuri?"

"Haijaiva bado. Ikiiva tunampatia daktari, yeye ndiye atakuambia." Hiyo ndiyo sheria, na siku hiyo niliichukia sana, kwa sababu nilikuwa namwona uso. Sisi watu wa maabara tunazoea vichupa, na vichupa havikutazami.

Muda ulipotimia Mutheu akaongeza maji, akangoja, akakiingiza kwenye lile tundu la pembeni. Kwenye kioo vikaanza kutokea vidoa, vikajikusanya makundi makundi, kila aina ya chembe na wingu lake. Mawingu yalikuwa safi, yametengana vizuri, hakuna takataka katikati. Wingu la askari wa Mumbua lilikuwa dogo, karibu halipo. Nilifurahi kwamba kazi ni safi na nikaumia kwa yale kazi hiyo ilituambia, vyote kwa wakati mmoja. Mutheu alikuwa analia bila kujua analia kwa nini.

Bwana Musyoki alichukua jibu akalipeleka kwa daktari yeye mwenyewe. Mbio. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, na tai ilikuwa begani. Mumbua alipewa kitanda jioni hiyo, akapimwa, na ule ugonjwa ukapatikana ukiwa ndio unaanza kuingia. Daktari alituambia baadaye kwamba kama angerudi Kithimani na dawa za maumivu, angerudishwa akiwa hajitambui, au asingerudishwa kabisa.

Brayo alikuja kuifungua mashine. Akatoa uzi mweupe na wa zambarau kutoka kwenye kiungo, akaushika juu ya mwanga.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni ya kuzuia vumbi," Mutheu akamjibu, bila kupepesa.

Kwa hivyo ninyi mnaoziendesha hizi mashine leo, zipendeni. Mimi nilikuja kuipenda ile kwa dhati, na vidole gumba vyenu viwili vilivyo vizima ndivyo shukrani yake. Ila kila wiki Mutheu alijipangia vichupa vichache vya maji yaliyotiwa rangi, akaviandaa kwa mkono, bila mtu kumwambia. Nami nilikuwa nakaa kando yake nikimsumbua.

Mumbua alitoka wadini baada ya kukaa sana, amenenepa mashavu, na akaletwa kwetu kutolewa damu ya kumfuatilia. Hakumng'ata mtu. Alipomaliza akasema hatoki mpaka aonyeshwe mashine iliyoona ugonjwa wake. Bwana Musyoki akakubali, asimame mlangoni asiguse kitu. Akasimama, Susu wake, ndiye yule bibi, nyuma yake, akaitazama ikizungusha sinia na kushusha mkono wake wa chuma. Kisha akaunganisha viganja, akainama kidogo kama anayemsalimia mtu mzima.

"Ni muvea," akaiambia mashine. Ndiyo asante yetu ya Kikamba, na aliisema kwa heshima zote.

Mutheu alikuwa kando yangu, ameshika pipeti. Nilimwona akivuta pumzi, akafungua mdomo, na nilijua kabisa anataka kusema nini. Nikamkanyaga mguu. Mumbua akaipungia mashine mkono, akageuka, akatimka mbio kwenye korido, na sauti ya Susu wake ikawa inamfuata hadi langoni ikimwita apunguze mwendo.